Kidonge Ndani ya Uji

Jumatatu, 11 Machi

Padri Kuriakosi alikuja tena leo. Dakika kumi na mbili, nilitazama saa. Tisa za chai ya rangi na chipsi za ndizi, tatu za sala. Alimshika Mama mkono, akamwita kwa jina, Eliamma, akamwambia maumivu ni barua ambazo Mungu huwaandikia wale tu anaowapenda sana. Mama akaitikia kwa kichwa. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na beseni la matapishi. Nikawaza: basi huyu Mungu ana mwandiko mbaya, na Padri ana bahati hajaandikiwa hata kadi.

Sikusema. Nimefundisha hesabu miaka thelathini na moja, najua kunyamaza mbele ya jibu la kijinga.

Wifi yangu Jansi, mke wa kaka Varki, alimsindikiza Padri mpaka getini akilirudia lile neno la barua asije akalisahau. Kesho litakuwa kwenye simu za wanawake wote wa parokia, pamoja na picha ya waridi.

Jumanne, 12 Machi

Mama hakulala. Kwa hiyo na mimi sikulala. Kansa ilianzia titini, sasa iko kwenye nyonga na uti wa mgongo. Asubuhi nilipomgeuza nimsafishe aliuma taulo. Mwanamke wa miaka themanini na mbili anauma taulo ili majirani wasisikie!

Na dawa ipo. Iko juu ya kabati, nyuma ya sanamu ya Mtakatifu Yosefu. Mofini, pakiti mbili, aliileta nesi Sabira wa kile kikundi kinachowahudumia wagonjwa majumbani. Bure kabisa. Mama hataki hata kuiona. Ameapa kwamba siku zote hamsini za mfungo wa kanisa letu hatameza kidonge cha maumivu. Baada ya Pasaka, sawa. Kabla ya hapo maumivu yote ni ya Baba, roho yake itoke toharani.

Ya Baba! Ouseph wa kilabu cha tembo la mnazi, aliyekutwa kifudifudi mtaroni chini ya miti ya mpira, bila padri, bila maungamo. Nilikuwa na miaka tisa alipomvunja Mama kifundo cha mkono. Tulikwenda kwa padri wa wakati ule, mimi nimebeba mwavuli. Akampa Mama picha ndogo ya Bikira Maria wa Mateso, akamwambia abebe msalaba wake. Bandeji hakumpa. Kifundo kikaunga kikiwa kimepinda, na mpaka leo rozari anaishika kwa mkono huo huo uliopinda.

Akiwa hai alimla nyama, akiwa kaburini anamla mifupa. Na wenyewe wanaita upendo.

Nimesaga kidonge kimoja kwa mgongo wa kijiko. Uji wa mchele, chumvi, kipande cha sukari guru cha kuficha ladha. Alikula vijiko vinne.

Saa nne alisinzia. Kinywa wazi, mikono imelegea. Nilivuta kiti nikakaa namtazama. Sikuona haya hata kidogo.

Alhamisi, 14 Machi

Siku ya tatu. Asubuhi kwenye uji, mchana kwenye kahawa, jioni kwenye uji tena.

Mama ameomba akalishwe. Ameuliza habari za paka. Kisha akasema nywele zangu nimezibana kama mwizi anayekimbia. Wiki tatu hakuwa na nafasi hata ya kunisuta! Nilikwenda jikoni nikacheka peke yangu.

Pakiti inasema dawa hii hufunga tumbo. Kwa hiyo papai asubuhi, papai mchana, papai jioni. Anakula, haulizi.

Jumamosi, 16 Machi

Wanawake wa jumuiya. Kumi na mmoja! Jansi aliwaingiza chumbani kwa zamu, anawaonyesha kama mtu anayeonyesha nyumba mpya. Tazameni uso wake, anasema. Tazameni anavyong'aa. Na hajagusa dawa, jamani, hata moja. Mmoja akasema Mama ananukia waridi. Ni poda. Nilimpaka mwenyewe saa moja kabla.

Walitaka neno. Mama akawapa lile la Mtume Paulo, kwamba anayatimiza katika mwili wake yale yaliyopungua katika mateso ya Kristo. Wote wakapumua kwa pamoja. Mimi nikabaki na swali la darasa la sita: yalipungua kiasi gani? Nipeni hata makadirio. Maana kama mpaka leo hayajatimia, na kila parokia ina Eliamma wake anauma taulo, basi kuna mtu alikosea hesabu pale Golgotha.

Marafiki wa Ayubu angalau walikaa chini siku saba, kimya, kabla ya kuanza upuuzi wao. Hawa walianza kabla hawajavua viatu.

Walipoondoka Jansi aliniambia, kwa upole wake ule wa kuudhi, kwamba laiti nami ningefungua moyo wangu ningeona Mungu anavyofanya kazi katika nyumba hii. Nikamwambia naona. Naona kazi yote inayofanyika katika nyumba hii, na nani anaifanya.

Jumatano, 20 Machi

Siku ya Sabira. Alimpima Mama, akamgeuza, akatazama vidonda vya mgongo. Kisha akatoa kitochi akammulika machoni. Akakizima. Akammulika tena.

Aliniita kisimani kama anataka maji ya kunawa.

"Mwalimu, mboni zake zimebana. Umempa dawa."

"Nimempa."

"Anajua?"

"Hajui."

Akakaa kwenye ukingo wa kisima. Yuko kwenye Ramadhani, midomo imemkauka, na tangu alfajiri ameshazunguka nyumba saba. Nilidhani atanisifu. Kweli nilidhani hivyo. Mtu wa dawa na mtu wa hesabu, tutaelewana. Badala yake akaniuliza swali: yeye sasa amefunga, je, akilala nikamdondoshea maji mdomoni, nitakuwa nimemsaidia kiu au nimemwibia swaumu yake?

Nikamwambia kiu haili mifupa ya mtu.

Akasema anajua kinachokula mifupa kuliko mimi, ameona mia moja na zaidi. Na kila mmoja humwambia ukweli, na kila mmoja huchagua, hata akichagua vibaya. Ndiyo heshima pekee inayobaki mtu akishavuliwa nguo na kusafishwa na wengine. Akanipa wiki moja. Nisipomwambia Mama mimi, atamwambia yeye.

Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, nikamjibu. Yeye na Padri wote wawili wamesimama nje ya kaburi wakishauriana. Ilikuwa kauli kali na niliipenda nilipoitoa. Akanawa uso akaenda zake.

Sijamwambia Mama. Ana usingizi mzuri, nitamwamsha nimwambie nini!

Jumapili ya Matawi, 24 Machi

Kanisani siendi, mwaka wa kumi na moja huu. Lakini kanisa huja lenyewe. Kipaza sauti chao kinafika mpaka jikoni kwangu, nakata bamia na mahubiri juu.

Leo alitutangaza. "Mama mmoja wa parokia yetu." Kana kwamba kuna asiyejua ni nani! Mama mmoja aliyekataa dawa kwa ajili ya upendo, na Mungu akayageuza maumivu yake kuwa amani, hata wanaokwenda kumfariji wanarudi wamefarijiwa wao. Halafu akasema, kwa sauti ile ya kushuka anayoitunza kwa mwisho wa sentensi, kwamba hiyo ndiyo mofini ya mbinguni.

Mofini ya mbinguni! Nilicheka mpaka nikajikata kidole. Miligramu kumi, Padri. Mara nne kwa siku siku hizi. Ipo nyuma ya Mtakatifu Yosefu.

Jansi alirudi analia kwa furaha, ameshika majani ya mnazi yaliyobarikiwa. Alimsimulia Mama yote neno kwa neno. Nilimtazama Mama nikitegemea ang'ae. Aligeuza uso ukutani. Jansi akaninong'oneza: unyenyekevu.

Jumatano, 27 Machi

Nilijiandaa kwa Sabira tangu asubuhi. Nilikuwa na hoja nne, nimezipanga.

Hakuniuliza habari za Mama. Alikaa kwenye ngazi na mkoba wake mapajani. Akaniuliza kama namfahamu mzee Lonappan. Nani asiyemfahamu! Aliipiga kengele ya kanisa miaka arobaini, mpaka alipopata kansa ya ulimi. Sasa hasemi, huandika kwenye kibao. Alikuwa akimeza mofini tangu Krismasi na kuendelea vizuri, anakaa barazani, anatazama watu.

Jumapili alisikiliza mahubiri kutoka barazani. Jumapili jioni akamwamuru binti yake vidonge vyote avimwage chooni. Akaandika kwenye kibao: *Kama Eliamma.*

Siku tatu sasa. Sabira alimsikia akiwa bado barabarani, hajafika hata kwenye geti lao. Ulimi hana, lakini sauti anayo. Binti yake amejifungia jikoni na redio ameifungulia mpaka mwisho. Sabira alimletea dawa nyingine, mzee akaziba mdomo kwa mkono. Alimpelekea Padri habari, na Padri akasema hakumkataza mtu yeyote dawa, alihubiri tu habari za neema.

"Sehemu ya hii ni ya Padri," Sabira akaniambia. "Na sehemu ni yako, Mwalimu."

Hakungoja nijibu. Na hoja zangu nne sijui zilikwenda wapi.

Nyani haoni kundule. Siku kumi na tano nimekuwa jikoni nikiwacheka wajinga wanaoamini muujiza, na muujiza wenyewe nausaga mimi kwa mgongo wa kijiko.

Mchana niliingia chumbani mara tatu nimwambie Mama. Mara ya kwanza nikanyoosha shuka. Mara ya pili nikamuuliza kama anataka maji. Mara ya tatu akaniuliza yeye kama nimepoteza kitu.

Saa moja jioni nimefanya jambo la aibu kuliko yote. Nimempa uji mtupu. Nilijiambia: nikiacha kumpa, basi kuanzia sasa ni kweli anateseka, mahubiri ni ya kweli, uongo umekwisha na hakuna aliyehitaji kuambiwa. Mwanafunzi angeniletea hesabu ya namna hiyo ningemtoa nje.

Alhamisi Kuu, 28 Machi

Yamerudi. Taulo limerudi.

Leo ni siku ya mkate. Mwaka mzima nyumba hii haina siku Mama anayoipenda kama hii. Unga wa mchele na choroko nyeusi, usichachuke, upikwe kwa mvuke, juu yake msalaba wa jani la Jumapili ya Matawi. Jansi aliupika mimi nikiwa kwa Mama. Bakuli la kwanza lilikaa kwenye joto likaumuka, akalimwaga lote akaanza upya huku analia, maana mkate wa leo ukiumuka ni nuksi kwa nyumba. Nilitaka kumwambia nuksi imeshaingia, imetangulia unga.

Mkate humegwa na mwanamume mkubwa wa nyumba. Ndege ya Varki kutoka Muscat inafika Jumamosi. Jansi alikwisha kumpigia simu kaka yake mwenyewe aje kumega. Mama, kati ya pumzi na pumzi, akasema Rosili atamega, yaani mimi. Jansi akasahau upole wake. Rosili! Miaka kumi na moja hajapokea komunyo!

"Mkate ni wangu," Mama akasema. "Nyumba yangu. Amege Rosili."

Basi nilimega. Sala niliikumbuka yote, jambo lililoniudhi. Mama alipewa kipande kidogo kama ukucha, kimechovywa kwenye tui na sukari guru. Akakitafuna muda mrefu. Akasema mwakani mkate huu hautapikwa hapa, majirani watatuletea wao, na tuupokee vizuri, tusijifanye tumeshiba. Nyumba yenye msiba haipiki mkate wa Alhamisi. Alisema kama mtu anayekumbusha kufunga dirisha.

Kisha yakamshika. Jansi alikuwa amekaa kitandani. Hajawahi kuyaona! Zamani Mama alijizuia mbele yake, na tangu tarehe kumi na mbili alikuwa anaingia chumbani Mama ameshakula uji wangu. Aliona mgongo ukijikunja, aliona meno kwenye taulo, akasikia ile sauti inayotoka puani. Akatoka mbio. Nilimsikia anatapika kwenye migomba.

Mwanamke aliyeyatangaza maumivu haya kwa simu mbili hakuweza kuyatazama dakika mbili. Nilifurahi, naandika hapa kwamba nilifurahi.

Halafu akarudi. Uso umeloa. Akakaa miguuni pa Mama akaushika unyayo mmoja kwa mikono miwili, hakuuachia mpaka jioni, na hakusema neno lolote la waridi. Kwa hilo sikuwa nimejiandaa.

Ijumaa Kuu, 29 Machi

Saa tano asubuhi. Jansi yuko kanisani. Nimemwambia Mama.

Nilisema huku namtazama paka dirishani. Nilisema tangu Jumanne ya tarehe kumi na mbili, kwenye uji, kwenye kahawa, mpaka juzi. Nilisema nilikuwa na haki. Nikasema sikuwa na haki. Nikasema siombi msamaha kwa ajili ya Baba, ila kwa ajili yake yeye. Jasho lilikuwa linanitoka kama mtoto mbele ya ubao.

Alingoja mpaka maumivu yakampisha kidogo.

"Papai," akasema.

"Nini, Mama?"

"Mtu anakula vijiko vinne vya uji, unamlisha papai mara tatu kwa siku. Nimeuguza mama yangu na mama mkwe wangu. Unadhani sijui ni dawa gani inayofunga tumbo?"

Alijua! Tangu siku ya tatu alijua. Nikamuuliza basi kwa nini alikula. Kwa nini aliwaacha wale wanawake waje wamtazame kama sanamu.

Akasema siku ya kwanza alikula kwa kutojua. Alipokwisha kujua alikula kwa sababu alikuwa amechoka, na kulala kulikuwa kutamu. Alitaka kusema siku wale wanawake walipokuja, akaona aibu. Jumapili aliposikia ametangazwa kanisani, aibu ikawa kubwa kuliko mdomo. Alikuwa anangoja kuungama kwa Pasaka. Basi. Hakuwa mtakatifu siku hata moja. Alikuwa kikongwe anayeogopa usiku.

Nikamuuliza: na Baba? Nilitaka kumbana, kwa kweli. Hata hapo nilitaka kumbana. Kama maumivu yameisha, umempa nini huyo Ouseph wako siku zote hizo?

Akanitazama vizuri.

"Nilitafuta cha kumpa," akasema. "Nikaona limebaki jeraha moja ambalo dawa yako haiwezi kulituliza. Wewe, Rosi. Unanilisha kwa kijiko huku unanicheka moyoni. Si leo. Miaka yote hii nikishika rozari unanicheka, na mimi nakuona. Ndilo nililomtolea."

Nilisikia paka anaruka kutoka dirishani.

Kisha nikamweleza habari za Lonappan, maana ilibidi. Kibao, choo, redio. Hili hakulijua. Alifumba macho na kwa mara ya kwanza tangu augue nilimsikia akilia kwa sauti, wala si kwa maumivu ya mgongo. Alirudia mara mbili: kwa sababu yangu, kwa sababu yangu. Nikamwambia hapana, yangu. Tukagombania hilo kama watu wanaogombania kulipa nauli.

Saa nane. Jansi amerudi na maji machungu ya karela kutoka kanisani, kwenye bilauri ya chuma. Ijumaa Kuu kila mtu hupiga funda moja, kukumbuka ile nyongo waliyompa Yesu. Mimi huwa nasema ni kinywaji pekee cha kikristo chenye ukweli ndani yake. Leo sikusema. Mama alipiga funda, akakunja uso. Akatuambia kwamba kule juu walimletea kwanza divai yenye manemane, ya kupunguza maumivu, akaikataa. Hiyo kila padri anaihubiri.

"Lakini mwisho alisema ana kiu," Mama akasema. "Wakamletea, akanywa. Hiyo mbona hawaihubiri?"

Jansi alinitazama. Nikamtazama Jansi.

Kisha Mama akaanza kutoa amri. Njia ya Msalaba inapita kwetu, kituo cha tano ni getini kwetu miaka yote, pale Simoni wa Kirene anapokamatwa na kubebeshwa msalaba. Padri atakuwepo na kipaza sauti cha mkononi. Lonappan ni nyumba ya nne kutoka hapa, atasikia kila neno. Mama anataka mlango wa mbele ufunguliwe wote. Kitanda kisukumwe mpaka kizingitini. Anataka kidonge, na si kwenye uji. Juu ya sahani ya mkate wa jana, kila mtu akione, atameza mbele ya Padri na mbele ya msalaba wenyewe.

Nikauliza nikisage? Akasema kizima.

Jansi amepiga magoti. Amemwomba Mama asimwaibishe Padri siku kama ya leo. Asituaibishe sisi. Varki anakuja kesho, atawaangalia vipi watu? Kisha akanigeukia mimi, akasema: na wewe watakuita nani, mwanamke aliyemdanganya mama yake kwa chakula? Si uchokozi, alikuwa ananiogopea kweli. Ndipo nilipoelewa kwamba Jansi hakuwahi kunidharau. Dharau yote ya nyumba hii ilikuwa inatoka upande mmoja.

Nimemwambia Mama nitasema. Nitasema nilimpa dawa, amani ile ilikuwa dawa, mzee Lonappan ameze yake. Sentensi tatu.

Mama akasema hapana.

Akasema mimi nikisimama kusema kwa kichwa nitajitetea, nitawatia watu maneno makali, nitashinda. Ananijua. Akanyoosha ule mkono uliopinda kuelekea jikoni. "Lete hilo daftari unaloandika kila siku ukidhani nimelala. Humo umeweka tarehe. Wasomee."

Saa tisa na robo. Nimekuja jikoni kulichukua. Nimesimama, naandikia juu ya mtungi wa mchele. Nimefungua mwanzo. *Tisa za chai ya rangi na chipsi za ndizi.* Padri atakuwa amesimama hatua mbili kutoka kwangu. Wale kumi na mmoja nyuma yake, na viatu vyao. Jansi, na simu zake. Mifupa ya Baba. Lile neno kwamba nilifurahi.

Wanaimba, wameshatoka kwenye miti ya mpira, wako kona ya kisima. Kitanda kimesukumwa, nimesikia magurudumu. Jansi amesimama na komeo mkononi, haangalii huku. Kidonge kiko kwenye sahani, kidogo sana kwenye sahani kubwa namna ile.

Nimemuuliza Mama kutoka hapa jikoni niruke yapi.

Amesema nisiruke hata mstari mmoja, na hii ya leo pia, na nije haraka, wako getini